Tarumbeta la Bibi Elinaike

Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi ya kukunja vidole. Manyunyu yalianza kabla sijachemsha chai ya asubuhi, na mlima sijauona kutwa nzima. Niko jikoni kwangu hapa Njoro, nimevaa soksi mbili mbili, naandika sasa hivi kabla jua halijazama, maana nikisubiri nitaanza kulia, na mimi nikilia siandiki.

Leo ilikuwa nimwambie Baba aache kazi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nina kibanda sokoni Kiboriloni, nauza vitu vya zamani. Kulia kwangu wanauza mitumba, kushoto wanauza ndoo, mimi katikati nina pasi za mkaa, karabai, redio za mbao, masanduku ya bati, mizani iliyopima kahawa ya watu ambao wengi wao wameshalala makaburini. Wanaonunua ni wapambaji wa kumbi za harusi, wenye hoteli, na zaidi ya wote ni Wachagga wa Desemba. Hao ndio wanaonichekesha. Anakuja kutoka Dar na gari lake, anashika kibuyu cha maziwa kama anashika mtoto mchanga, anasema bibi yake alikuwa nacho kama hicho. Namjua. Ndiye aliyemwambia mama yake mwaka juzi atupe takataka zote za stoo.

Vitu vyenyewe navifuata huko huko milimani. Kila Alhamisi naondoka na kirikuu changu, kale kagari kadogo ka mizigo, nyuma nimeweka turubai na magunia ya kuzuia vitu visigongane, na pembeni yangu anakaa Baba na kofia yake ya sufu.

Baba nilimchukua mwenyewe. Mama alipotutoka nilimwona anavyokaa peke yake kule kwenye kihamba, shamba letu la migomba la ukoo, anampikia mtu mmoja chungu kizima, nikasema hapana, huyu atakufa kwa upweke. Nikamleta Njoro. Na ili asikae anatazama ukuta, nikampa kazi ya kunisindikiza.

Na ukweli ni kwamba mwanzoni alinifungulia milango. Mimi nimekulia mjini, Kichagga changu ni cha kuombea chumvi. Ukifika uani kwa mtu wa miaka themanini ukaanza na Kiswahili chako na swali la "mna vitu vya zamani?", unajibiwa kwamba hapa hatuna, labda jaribu kwa jirani. Baba yeye haulizi hivyo. Anavua kofia, anasalimia, anaulizwa ni wa ukoo gani, anajibu, na yeye anauliza, na baada ya hapo mnaletewa viti.

Tatizo ni kwamba Baba akianza kusalimia hasimami. Anawatafuta ndugu hadi anawapata. Na akishampata ndugu, biashara imekwisha, kwa sababu Baba habishani bei na ndugu. Kuna siku tulikuta karabai safi kabisa, ina kioo chake, mwenyewe yuko tayari kuuza. Baba akagundua kwamba shangazi yake na mama wa yule mzee walipata kipaimara siku moja. Siku moja tu, mbele ya madhabahu moja, kila mmoja na gauni lake! Baba akanivuta pembeni akaniambia, "Huyu ni mtu wetu, Ndeshi. Mwongeze." Nikaongeza. Tena akamwachia kiti cha kukunja tulichokuwa tumekinunua nyumba ya jirani, eti mzee hana pa kuotea jua.

Juma lililopita akateleza. Tulikuwa tunavuka mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee wetu, yeye amebeba sanduku tupu, mguu ukaenda huku na yeye kule. Alinyanyuka anacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo namwona anavyoshika ukingo wa kitanda akiinuka.

Kwa hiyo nikaamua. Nikayapanga maneno yangu vizuri, kwamba Baba umefanya mengi, sasa pumzika, kaa nyumbani uote jua, mimi nitazunguka. Ningesema ni kwa ajili ya magoti yake. Na ni kweli ni kwa ajili ya magoti yake. Lakini humu nikidanganya nitamdanganya nani? Nilikuwa nimechoka pia kuwaongezea watu wa kipaimara.

Nilichoogopa ni uso wake. Alhamisi ndiyo siku anayonyoa ndevu.

Nikasema nitamwambia tukirudi, safari hii iwe ya mwisho na iwe nzuri. Na ilikuwa safari ya maana, maana Bibi Elinaike alikuwa ameita mwenyewe. Huyu ni mama mjane anayeishi Machame, juu kabisa, barabara ya lami inapokata tamaa. Alikuwa amesikia habari zangu kanisani, akamwomba mtu anipigie simu: ana tarumbeta la marehemu mumewe, aje mtu alichukue.

Nani hajui tarumbeta zetu za Kilutheri? Alfajiri ya Pasaka zinatuamsha zikilia makaburini, kwenye harusi zinatangulia mbele ya bwana harusi, na kwenye msiba ndizo zinazomsindikiza mtu hadi shimoni. Lakini tarumbeta la shaba la zamani, lile kubwa la besi, halipatikani kirahisi. Nina mteja wa hoteli pale mjini ambaye amekuwa akinisumbua miezi mingi nimtafutie moja, alitundike ukutani pale mapokezi, atie maua ndani yake. Nilikuwa nimemwahidi. Usiku wa kuamkia leo nililala na furaha ya mtu anayejua kesho atafanya biashara.

Tulipofika, Bibi Elinaike alikuwa amekaa ndani karibu na moto, mdogo wa mwili, macho makali. "Shikamoo Bibi," nikasema, naye akaitikia huku anamtazama Baba. Wakaanza. Ukoo, mtaa, nani alimwoa nani. Mimi nikawa naomba kimoyomoyo, Mungu wangu, leo asipatikane ndugu.

Hakupatikana. Lakini kilipatikana kingine. Baba alipoliona lile tarumbeta ukutani, limevishwa kitambaa cha kufuma kama redio ya maonyesho, akaacha salamu katikati. Nimeishi na Baba miaka yote hii, najua alipiga tarumbeta ujana wake, lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba babu yake aliwahi kuwa na ndevu nyeusi. Sikuwahi kumwona nalo mkononi.

"Besi," akasema.

"Ndilo lililomzika kila mtu wa bonde hili," Bibi akasema. "Sasa ndani yake wanazaa panya. Wanangu wako Dar, hakuna wa kulipiga. Lichukueni. Mimi mwenyewe siku yangu ikifika sijui hata kama kuna mtu atakuja. Vijana wamehama, wazee wenzangu wamekwisha. Labda nyie mnaonunua vitu mtapita."

Alilisema hilo kwa kucheka, lakini macho yake hayakucheka.

Baba akaomba alitoe uani aone kama lina uzima. Hiyo ni kawaida, redio tunaijaribu, karabai tunaiwasha. Nikampa ruhusa. Bibi akampa mafuta ya kupikia kidogo ya kulainisha vile vidude vya kubonyeza, na mimi nikabaki ndani kuzungumza bei. Nikamsikia Baba nje anapuliza hewa tupu, anakohoa, anapuliza tena. Likatoka vumbi, na sauti moja ya ndama aliyekanyagwa. Bibi akacheka.

Halafu likalia.

Sijui niielezeje. Besi haina haraka. Ilitoka pale uani ikashuka bondeni, ikavuka mto, ikapanda upande wa pili, na mimi nywele za shingoni zikasimama, kwa sababu yule aliyekuwa anapiga ni baba yangu mwenye magoti mabovu. Alipiga ubeti mzima. Akarudia. Bibi alifumba macho na midomo ikawa inafuatisha maneno.

Ni hapo ndipo nilipoutambua wimbo. Ulikuwa wa kutoa jeneza ndani.

Nilipomuuliza baadaye aliniambia ndio wimbo pekee ambao vidole vyake viliukumbuka, kwa kuwa ndio walioupiga mara nyingi kuliko zote. Sawa. Lakini fikiria wewe ni jirani. Ni Alhamisi asubuhi, si Pasaka, si harusi. Unamkatia ng'ombe majani. Unasikia besi ya msiba inatoka nyumbani kwa bibi wa miaka tisini anayeishi peke yake.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni, mikono kichwani, analia tangu njiani. Nyuma yake wanaume wawili na mapanga yao ya kukatia majani. Kisha wengine, na wengine, wanatokea kwenye migomba kila upande, mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, mmoja na mzigo wa kuni, mwingine amebeba sufuria kubwa ya shughuli. Baba amesimama katikati ya ua na tarumbeta kifuani, mgeni ambaye hakuna anayemjua, na watu wanamkumbatia na kumpa pole.

Na yeye anasema ahsante! Mtu akikupa pole unasema ahsante, ndivyo alivyolelewa.

Mimi nimeganda mlangoni. Bibi Elinaike akanisukuma kando na fimbo yake, akatoka nje.

Yule mama wa kwanza alipiga ukelele ambao nadhani ulifika hadi sokoni Kwa Sadala, kule chini barabarani. "Mae! Bibi yuko hai!" Mwenye mkungu akautua chini kwa kishindo. Mzee mmoja alikaa kwenye majani mabichi bila kuangalia. Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja, na sauti zao hazikuwa za upole. "Nyie mmetoka wapi? Mnataka kutuua kwa presha?"

Katikati ya hiyo vurugu simu ya Bibi ikalia ndani ya kanga yake. Mtu alikuwa ameshapiga Dar. Tuliisikia sauti ya mwanaume mzima inalia upande wa pili, inamwita mama, mama. Bibi akaweka simu sikioni.

"Sijafa," akasema. "Nani amekwambia nimekufa?" Akasikiliza. "Hapana, sijafa." Akasikiliza tena, muda mrefu kidogo. "Sasa kama umeshaomba ruhusa kazini, njoo tu."

Nilijua basi kwamba hatutapigwa.

Lakini Baba hakungoja kusamehewa bure. Alinikabidhi tarumbeta, akaenda kwenye ua wa Bibi, akachuma jani la isale, akarudi nalo kwa mikono miwili mbele ya mzee aliyekaa kwenye majani, akapiga goti. Goti lile lile bovu. Kwetu mtu akikuletea isale amekuomba msamaha, na huwezi kumnyima hata kama amekuchinjia ng'ombe wako. Mzee akalipokea, akalitazama, akasema amesamehe ila atozwe faini. Apige tena, na safari hii apige kibao cha harusi.

Baba akasema cha harusi hakikumbuki vizuri. Hapo ndipo alipojitokeza Ombeni.

Ombeni ni kiongozi wa tarumbeta za usharika ule, mtu wa makamo, fundi wa bomba. Alikuwa amekuja mbio na tarumbeta lake dogo ndani ya mfuko wa salfeti, tayari kwa mazishi, na amevimba kwa hasira kwamba kuna mtu ameanza kupiga bila yeye. Sasa alikuwa amesahau kukasirika. "Mzee, wewe fuata tu," akamwambia Baba, akaanza taratibu. Baba akamfuata. Alikosea mara mbili tatu, akashika. Wale akina mama waliokuja kulia wakaanza kupiga vigelegele. Kuni zilizoletwa kwa msiba zikawashwa, ndizi zikamenywa, maharage yakapatikana, kikapikwa kiburu. Mkungu ukishabebwa hadi kwa mtu haurudishwi, ndivyo alivyosema mwenyewe aliyeubeba, bado ana kinyongo kidogo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, sijui ilitoka wapi, lakini ilitoka.

Bibi Elinaike alikaa kwenye kiti chake mbele ya mlango kama bibi harusi. Kila aliyefika alimwangalia vizuri usoni. Mara nikamsikia anamnong'oneza jirani yake, "Na yule wa kwa mchungaji wa zamani mbona simwoni? Sawa. Nimeona." Akacheka hadi akapaliwa.

Nilimsogelea, maana mimi bado nilikuwa na biashara yangu kichwani. Hakuniacha nifungue mdomo.

"Mwanangu, tarumbeta siuzi tena."

Nikasema sawa Bibi. Nilisema kwa mdomo. Rohoni nilikuwa namwona mteja wangu wa hoteli na maua yake, na namwona Baba, amenikosesha tena, na safari hii hata bila kumpata ndugu. Bibi akanipa redio ya mbao kwa bei ya kunifuta machozi, na mkungu wa ndizi ambao sikuulizwa kama nautaka. Nikavipakia kwenye kirikuu nikiwa nimenuna. Ombeni na Baba walikuwa wamesimama kando ya migomba wanazungumza, vichwa karibu karibu. Sikuwajali.

Tukateremka. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari mdomoni, na sasa yalikuwa na hasira ya kuyasukuma. Tulipofika Kwa Sadala Baba akaniomba nisimame kidogo. Nikadhani anataka maparachichi. Nikazima gari, nikageuka, nikasema, "Baba, kuna kitu nataka..."

"Nianze mimi," akasema. "Nikikuachia uanze nitakosa nguvu."

Alikuwa ameishika kofia yake anaikunjakunja. Akasema Ombeni amemwomba. Tangu mume wa Bibi Elinaike afariki hawana besi, vijana wanapiga zile tarumbeta ndogo tu, hakuna wa kuwafundisha sauti ya chini. Bibi amesema tarumbeta liko pale, alichukue, alipige. Mazoezi ni jioni za katikati ya wiki na Jumapili baada ya ibada. Itabidi arudi kukaa kule juu, kwenye kihamba, nyumbani kwake, mwendo mfupi wa pikipiki hadi usharika ule.

"Usinikasirikie, Ndeshi. Najua umenitegemea."

Nikaushika usukani.

"Magoti yananiuma tangu masika," akasema. "Nilitaka kukuambia. Lakini nikawa najiuliza, nitamwachaje? Hata Kichagga hajui vizuri. Na mama yake hayupo. Nilikuja Njoro kwa sababu ulikuwa umekonda, nikasema huyu mtoto akikaa peke yake atakufa kwa upweke. Sasa naona umesimama. Umesimama, au sivyo?"

Nje mwanamke mmoja alikuwa anamwita mteja wa vitunguu.

"Nimesimama, Baba," nikasema.

"Na wewe ulitaka kusema nini?"

"Maparachichi," nikasema. "Tununue maparachichi."

Tukanunua. Baba alimsalimia muuzaji, wakatafutana kidogo, ikaonekana mume wake ni wa ukoo wa mama yangu mkubwa. Nikaongeza bila kuambiwa.

Sasa yuko chumbani kwake anapanga nguo kwenye lile sanduku aliloteleza nalo. Ameniambia nisiliuze, analitaka. Kila baada ya muda nasikia anafanya mazoezi ya midomo, ile sauti ya mtoto anayejifanya gari. Keshokutwa nampeleka.

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba namlea baba yangu. Nimesema kwa majirani, nimesema kwenye jumuiya, nimesema humu humu kwenye blogu hii, na nyie mkaniandikia kwamba Mungu anibariki. Yeye naye, kumbe, huko kwa wazee wenzake alikuwa anasema anamlea binti yake. Na hakuna aliyekuwa mwongo kati yetu.

Sijamwambia nilichokuwa nimekipanga. Sitamwambia. Huyu mzee aende zake na furaha yake nzima, aamini ni yeye aliyeniacha.

Alhamisi ijayo nitapanda peke yangu. Nitavaa viatu vya tope, nitashika gunia langu, nitakikusanya Kichagga changu chote kibovu. Na nyumba ya kwanza nitakayopiga hodi ni yake. Nitasimama uani, nitasema shikamoo, na akiniuliza mimi ni wa ukoo gani, nitamjibu.